Watu 363,656 Walienda Wapi? Historia ya kanzidata, tukianzia kata ya Ikinga

Hebu tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta watu 2,707,410 katika Mkoa wa Mbeya. Sensa ya mwaka 2022 ikakuta watu 2,343,754 katika mkoa wenye jina hilohilo. Toa. Unabaki na upungufu wa watu 363,656 ndani ya miaka kumi.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwanafunzi anayeandaa ripoti usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Una majedwali mawili ya sensa. Unayaweka kwenye Excel, unachora mchoro, mstari unashuka. Unaanza kutafuta sababu: ukame? ajira? vijana wamekimbilia Dar? Sababu hazikosekani ukizitafuta. Na kama meza yako ndiyo inayopanga idadi ya walimu au maboksi ya dawa, mstari ule unaoshuka unaweza kukufanya upunguze mahali palipotakiwa kuongezwa.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyekimbia. Mwaka 2016 upande wa magharibi wa Mbeya ulimegwa ukawa Mkoa wa Songwe, makao makuu Vwawa. Mbozi, Momba na Ileje zilihamia huko, pamoja na sehemu ya Chunya iliyofanywa Wilaya ya Songwe. Mkazi wa kata ya Ikinga, kule Ileje, alilala Mbeya akaamka Songwe. Shamba ni lilelile, jirani ni yuleyule, njia ya kwenda zahanati ni ileile. Kilichobadilika ni neno moja kwenye karatasi.

Kwa hiyo swali letu leo ni hili: unaandikaje habari za dunia ndani ya mashine, ili dunia ikibadilika, ulichoandika kisianze kusema uongo? Kazi hiyo inaitwa usanifu wa kanzidata. Watu wengi wanaifahamu kama somo la kompyuta la muhula wa pili. Lakini ina historia, na historia hiyo ukiisoma ukiwa umesimama Ikinga inaeleweka haraka zaidi kuliko ukiisoma kwenye slaidi.

Kilima kimoja, anwani nne

Chukua kilima chochote cha Ileje. Wakati wa Wajerumani, eneo hilo lilikuwa chini ya wilaya ya Langenburg, iliyosimamiwa kutoka mji ambao leo tunauita Tukuyu. Waingereza walipochukua nchi, likaja kuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini. Baada ya uhuru majimbo yakavunjwa, ikaja mikoa, na kilima kikawa cha Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 kikawa cha Mkoa wa Songwe. Anwani nne, kilima kimoja, na hakikusogea hata hatua moja.

Kila utawala ulikuja na daftari lake: la kodi, la wagonjwa, la vizazi na vifo. Na daftari la mkono lina tabia moja. Karani huandika kila kitu kwenye kila mstari: jina la mtu, kijiji, kata, wilaya, mkoa. Tuseme daftari lina mistari 5,000, na kila mstari umeandikwa "Mbeya". Siku mkoa unapobadilika, lazima karani arekebishe mistari 5,000. Akichoka akaruka mistari 40, daftari linakuwa na ukweli wa aina mbili. Watu wa kijiji kimoja, wengine wako Mbeya, wengine Songwe. Anayekuja kuhesabu mwakani hajui aamini upande gani.

Ugonjwa huu unaitwa urudufu: jambo moja kuandikwa mahali pengi. Sio kosa la karani. Ni kosa la aliyechora daftari. Kumbuka hilo, maana karibu kila kanuni ya kanzidata utakayofundishwa ilizaliwa ili kuutibu.

Kadi zenye matundu

Hatua ya kwanza ya kulitoa daftari mikononi mwa karani ilikuja na sensa. Marekani, kwenye sensa ya mwaka 1890, walitumia mashine za Herman Hollerith kuchakata habari za watu karibu milioni 63. Kila mtu alipewa kadi, na kila jibu lilikuwa tundu mahali maalumu kwenye kadi hiyo. Mashine haikusoma maneno. Ilisoma kama kuna tundu au hakuna.

Hapo ndipo wazo muhimu lilipozaliwa bila kelele. Kama mashine haisomi maneno, basi kabla ya kukusanya habari lazima ukae chini uamue: swali hili lina majibu gani yanayokubalika, na kila jibu litaandikwa kwa alama ipi? Jinsia ina nafasi ngapi? Umri utaandikwa kwa miaka au kwa makundi? Mahali alipozaliwa tutapaitaje? Huo uamuzi wa kabla ndio mzazi wa kile tunachokiita leo aina za data. Kampuni ya Hollerith iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 kampuni iliyotokana na muungano huo ikabadili jina kuwa IBM. Tutaikuta tena sasa hivi.

Kwetu, sensa za watu wote zilifanyika Tanganyika mwaka 1948 na 1957. Ya kwanza baada ya uhuru na Muungano ilifanyika mwaka 1967, ikakuta watu milioni 12.3 hivi. Zikafuata 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hii ya mwisho, ya usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022, makarani walikuja mlangoni na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Kutoka kadi ya Hollerith mpaka kishikwambi ni zaidi ya miaka 130, lakini kazi ya kukaa chini na kuamua majibu yanayokubalika haijabadilika.

Mti wa IBM, na Mwingereza aliyeukataa

Miaka ya 1960 IBM walitengeneza mfumo ulioitwa IMS, kusaidia kufuatilia vipuri vya roketi ya Saturn V, ile iliyopeleka watu mwezini. Mfumo huo ulipanga data kama mti. Roketi ina hatua, hatua ina injini, injini ina pampu, pampu ina skrubu. Ukitaka skrubu unaanzia juu kwenye shina na kushuka tawi kwa tawi.

Si unaona mti huo unafanana na nini? Nchi ina mikoa, mkoa una wilaya, wilaya ina kata, kata ina vijiji. Serikali nayo ni mti. Ukitaka Ikinga unashuka: Tanzania, Mbeya, Ileje, Ikinga. Inapendeza kabisa, mpaka siku tawi linapokatwa na kupandikizwa kwingine. Programu zote zilizoandikwa kwa kufuata njia ya "Mbeya, Ileje, Ikinga" zinafika Mbeya, zinatafuta Ileje, hazioni kitu.

Mwaka 1970 mtafiti mmoja wa IBM kule San Jose, California, alichapisha makala iliyoikataa njia hiyo. Aliitwa Edgar F. Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hoja yake kwa maneno yetu ya mtaani ni hii: anayetafuta habari asilazimike kujua njia ya kupita ndani ya mashine. Weka habari kwenye majedwali ya kawaida. Kila jedwali liongelee kitu cha aina moja tu. Majedwali yaunganishwe kwa thamani zilizoandikwa ndani yake, basi. Mashine yenyewe itatafuta njia.

Wenzake IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, mwaka 1974 wakaonyesha lugha ya kuuliza maswali kwenye majedwali hayo. Lugha hiyo ndiyo iliyokua ikawa SQL, ambayo mwanafunzi wa leo anaikuta kila mahali. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Tuijaribu hoja yake kwa Ikinga. Badala ya daftari moja kubwa, tunachora majedwali matatu. Jedwali la MIKOA: kila mkoa mstari mmoja. Jedwali la WILAYA: kila wilaya mstari mmoja, pamoja na alama inayosema iko mkoa gani. Jedwali la KATA: kila kata mstari mmoja, pamoja na alama inayosema iko wilaya gani. Kwenye mstari wa Ikinga hakuna neno "Mbeya" popote. Kuna Ileje tu. Ileje ikihamia Songwe unarekebisha mstari mmoja wa Ileje, na kata zote, vijiji vyote, wagonjwa wote 5,000 wanahama nao. Karani hana cha kuruka. Kwenye vitabu utakuta jambo hili likiitwa nomalizesheni, likiwa na hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu. Usiogope jina. Maana yake ni: kila ukweli uandikwe mahali pamoja.

Songwe ipi?

Nimetaja "alama" bila kueleza ni kitu gani. Wengi tungejibu haraka: tumia jina. Hapo ndipo kasheshe inapoanza, na hakuna mahali pazuri pa kuionyesha kama Songwe.

Songwe ni mkoa. Songwe ni wilaya ndani ya mkoa huo. Songwe ni mto unaotutenganisha na Malawi na kumwaga Ziwa Nyasa. Songwe ni mto mwingine tena, unaoelekea kaskazini Ziwa Rukwa. Na Uwanja wa Ndege wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, hauko Mkoa wa Songwe. Uko Mbeya. Mtu akikuandikia "mzigo umefika Songwe", utaupokelea wapi?

Shuka chini zaidi. Ileje ina kata inaitwa Chitete. Momba nayo ina kata inaitwa Chitete. Mkoa mmoja, jina moja, kata mbili. Ileje ina kata inaitwa Ndola pia. Mwulize dereva wa lori pale Tunduma kuhusu Ndola, atakuambia bila kufikiri kwamba ni mji wa Zambia, kwenye ukanda wa shaba.

Jina ni la watu, kwa ajili ya kuitana. Mashine inahitaji kitu kingine, kinachoitwa ufunguo mkuu. Ufunguo mkuu una masharti matatu: haujirudii kwenye jedwali, haubadiliki, na hauachwi wazi. Ufunguo huo ukiandikwa kwenye jedwali lingine ili kuonyesha uhusiano (kama alama ya Ileje kwenye mstari wa Ikinga), unaitwa ufunguo rejea. Kanzidata nzuri itakataa usiandike ufunguo rejea wa wilaya ambayo haipo. Daftari la karatasi halina uwezo huo, litapokea chochote.

Basi tutumie namba gani? Watu hupenda namba zenye akili, yaani zinazobeba maana ndani yake. Postikodi zetu ni mfano: tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Kwa kupeleka barua ni jambo zuri, ukiiona namba unajua pa kuelekea. Kama ufunguo mkuu ni mtego. Kata za Ileje zilipokuwa Mbeya, tarakimu zao mbili za mwanzo zilikuwa 53, za Mbeya. Mkoa ukimegwa una njia mbili tu, na zote ni mbaya: uache namba ya zamani ianze kudanganya, au uibadilishe na kuvunja kila rekodi iliyoitumia.

Mfumo wa DHIS2 ulichagua njia nyingine. Huu ndio mfumo unaopokea takwimu za vituo vya afya hapa Tanzania. Mizizi yake ni Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kwetu wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa sehemu ya kazi hiyo. Kila kituo humo hupewa kitambulisho cha herufi na tarakimu 11 zisizo na maana yoyote. Ukikitazama hukijui mkoa wala wilaya. Na huo ndio uzuri wake: kwa kuwa hakisemi chochote, hakuna siku kitasema uongo.

Darasa la mpakani

Tukitoka Ileje tukaelekea Tunduma, tunakuta somo la pili likitufundisha lenyewe. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni kama mji mmoja wenye mstari katikati, na tangu 2019 kuna kituo cha pamoja cha forodha. Malori yanapita, fedha zinabadilishwa, simu zinapigwa pande zote. Kila safu ya jedwali inahitaji kuambiwa itabeba kitu cha aina gani, na mpakani ukikosea aina unaona matokeo siku hiyohiyo.

Maandishi. Namba ya simu ni namba? Jiulize: utawahi kujumlisha namba mbili za simu? Hapana. Basi ni maandishi. Ukiiweka kama namba, ile sifuri ya mwanzo ya 07 au 06 inafutwa, na alama ya kujumlisha kwenye +255 au +260 inapotea.

Namba ya NIDA inafundisha zaidi. Ina tarakimu 20. Excel hushika tarakimu 15 tu kwa usahihi. Ukiibandika humo kama namba, tano za mwisho zinageuzwa sifuri, na Excel haikuonyi. Utasema basi tumia kanzidata halisi. Chombo kikubwa cha kawaida cha namba kamili humo ni cha biti 64, na mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Hizo ni tarakimu 19. NIDA haiingii. Iweke kama maandishi, mjadala uishe. Halafu kumbuka somo la postikodi: tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, nayo ni namba yenye akili. Kwenye mfumo wako ihifadhi, itafute, ihakiki, lakini mtu mpe ufunguo wako mwenyewe usio na maana.

Fedha. Kompyuta ina namba za nukta inayoelea, nzuri kwa vipimo vya sayansi, mbaya kwa fedha. Ndani yake 0.1 haiandikiki kamili, kama vile theluthi moja isivyoandikika kamili kwa desimali. Ukijumlisha miamala maelfu, senti zinaanza kuota au kuyeyuka. Kwa fedha tumia aina ya desimali yenye idadi maalumu ya tarakimu.

Lakini namba peke yake haitoshi. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha: kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1 mpya. Sasa fikiria daftari la duka pale Tunduma lenye mstari unaosema "kwacha 50,000". Ni ya Desemba 2012? Hiyo ni 50 ya leo. Ni ya Februari 2013? Huo ni mzigo mkubwa. Walioweka viwango vya kimataifa waliliona hilo, wakaipa kwacha mpya alama tofauti: ya zamani ilikuwa ZMK, mpya ikawa ZMW. Funzo ni kwamba kiasi cha fedha hukaa kwenye safu mbili: ngapi, na za sarafu gani.

Tarehe na saa. Ukiandika 3/4/2016, ni tarehe tatu Aprili au Machi nne? Kiwango cha ISO 8601, kilichotoka mwaka 1988, kinamaliza ubishi: mwaka kwanza, halafu mwezi, halafu siku, yaani 2016-04-03. Kwa Kiswahili tuna jambo letu la ziada. Saa mbili asubuhi kwenye kompyuta ni 08:00. Mlinzi akiandika "saa 2" kwenye daftari la getini, anayeingiza data baadaye lazima ajue ni 08:00, 20:00, au ni mtu aliyezoea kusoma saa ya Kizungu na alimaanisha 02:00 au 14:00.

Na sasa lori. Linagongewa muhuri wa kutoka Tanzania 10:20 na wa kuingia Zambia 09:45. Kwa hesabu ya kawaida, limefika dakika 35 kabla ya kuondoka! Muujiza hakuna. Zambia iko nyuma yetu saa moja. Ile 09:45 yao ni 10:45 yetu, na lori limetumia dakika 25. Kanzidata ina aina ya wakati inayobeba pia ukanda wa saa. Msanifu akiiacha, ripoti ya muda wa malori kusubiri mpakani itakuwa upuuzi mtupu. Upande wa Ileje ni vilevile, maana Malawi nayo iko saa moja nyuma.

Tupu si sifuri

Nimeiacha aina moja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo inayoweza kuumiza watu zaidi. Ni ile ya kutokuwepo kwa jibu.

Tuseme zahanati tano za bondeni zimetuma ripoti za malaria za mwezi, na ya sita, iliyoko mlimani, haijatuma kwa sababu mvua imekata barabara. Kwenye jedwali la wilaya nafasi yake iko wazi. Mtu mwenye nia njema, anayependa jedwali lake lipendeze, anaijaza 0. Kuanzia hapo mashine inaamini kwamba mlimani hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Jumla inashuka. Wastani unashuka. Na atakayepanga dawa za robo ijayo, akiwa mbali na mvua ile, anaona eneo ambalo malaria inaisha.

Sifuri ni jibu: tumehesabu, hakuna. Tupu ni kukosa jibu: hatujui. Kanzidata za uhusiano zina thamani maalumu ya hali hii, na Codd mwenyewe alitumia miaka mingi kuitetea. Ukijumlisha kitu na tupu, jibu ni tupu. Ukiuliza kama tupu ni sawa na tupu, jibu sio ndiyo wala hapana, ni haijulikani. Wanafunzi hulalamika kwamba inachosha. Inachosha, lakini inasema kweli.

Vivyo hivyo maswali ya ndiyo na hapana. "Mtoto amepata chanjo ya surua?" Ukiweka nafasi mbili tu, mtoto ambaye kadi yake imepotea utamlazimisha awe upande mmoja. Nafasi ya tatu lazima iwepo.

Jambo la kushangaza kidogo: DHIS2, usipoielekeza vinginevyo, haihifadhi sifuri za kipengele cha data. Walioibuni walifikiria mamilioni ya sifuri yatakayojaza mashine bure. Kwa magonjwa mengi inafaa, kwa sababu mfumo unafuatilia pia kama ripoti imefika au la. Kwa ugonjwa ambao "hakuna mgonjwa" ndiyo habari kubwa kuliko zote, mtu lazima abonyeze mahali fulani kusema: hapa, sifuri itunzwe. Ni uamuzi wa sekunde tano wa mtu mmoja kwenye kompyuta. Nauita uamuzi wa afya, sio wa kompyuta.

Turudi kwa wale watu

Sasa tuna vifaa vya kulijibu swali la mwanzo. Majedwali yetu matatu bado yana dosari. Tulisema Ileje ikihama tunarekebisha mstari wake, inakuwa Songwe. Vizuri. Lakini mtu akiuliza, "Mwaka 2012 Ileje ilikuwa mkoa gani?", kanzidata yetu itajibu Songwe, mkoa ambao haukuwepo. Tumefuta historia kwa kusahihisha.

Dawa ni jedwali la nne. Liite WILAYA_MKOA. Kila mstari una ufunguo wa wilaya, ufunguo wa mkoa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Ileje inakuwa na mistari miwili: wa Mbeya, uliokwisha 2016, na wa Songwe, ulioanza 2016, tarehe ya kuisha ikiwa tupu. Unaona tupu ilivyo na kazi? Maana yake ni "bado". Sasa unaweza kuuliza maswali mawili tofauti: Mbeya ya wakati ule ilikuwa na watu wangapi, na eneo ambalo leo ni Mbeya lilikuwa na watu wangapi wakati ule?

Jibu la swali la kwanza ni 2,707,410. La pili ni 1,708,548. Tofauti yake, watu 998,862, ndio waliokuwa kwenye eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Songwe, wakiwemo 124,451 wa Ileje. Linganisha kinacholingana na kingine: kati ya 2012 na 2022 eneo la Mbeya ya leo halikupoteza watu 363,656. Liliongeza 635,206, zaidi ya theluthi moja. Songwe nayo ilifika 1,344,687. Yule mwanafunzi wa usiku wa manane alikuwa anachora mstari unaoshuka mahali palipokuwa pakipanda kwa kasi.

Na jiulize, hiyo 1,708,548 iliwezekanaje kupatikana, wakati makarani wa 2012 hawakujua kwamba kutakuwa na Mkoa wa Songwe? Iliwezekana kwa sababu hawakuhesabu mikoa. Walihesabu kaya, moja moja, ndani ya maeneo madogo ya kuhesabia yenye utambulisho wake. Mkoa ulikuwa jumla tu, na jumla hujengwa upya wakati wowote ukiwa na vipande. Kama wangetunza jumla za mikoa na kutupa vipande, hakuna mtaalamu ambaye angeweza kuitenganisha Mbeya na Songwe tena. Sukari ikishaingia kwenye chai huwezi kuichuja.

Mikoa itaendelea kumegwa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 tulitoka mikoa 30 kwenda 31, na muda mfupi kabla ya ile ya 2012 zilikuwa zimezaliwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Kwa hiyo utakapokaa kuchora mfumo wa shule, wa SACCOS, wa zahanati au wa duka la mjomba, jaribu kwanza kwenye karatasi. Andika Chitete mbili, uone kama jedwali lako linazitofautisha. Weka namba ya NIDA nzima. Weka lori linalofika kabla ya kuondoka. Weka zahanati ambayo haijaripoti. Halafu hamisha Ileje mkoa, uulize swali la mwaka 2012. Ukikuta watu wamepotea, usiwatafute Dar es Salaam. Watafute kwenye jedwali lako.